Doa Jekundu la Kambi ya Cheni

Jumapili, 4 Agosti

Nimefika saa nne asubuhi, na kabla sijazima gari vumbi lilishaniingia masikioni. Goti linauma. Hakuna aliyenilazimisha kuja, basi nisilalamike.

Odalys alitangulia juzi. Nilimkuta juu ya ngazi anafunga turubai, mwanamke wa miaka sitini na tisa, kofia kubwa kichwani, kucha kazipaka rangi ya machungwa.

“Umechelewa, shoga,” akasema bila kugeuka.

“Nimechelewa nini, na jiji lenyewe halipo?”

“Ndiyo maana. Shika kamba.”

Hivyo ndivyo tunavyosalimiana. Miaka kumi na moja iliyopita, yeye muuguzi wa Sacramento na mimi fundi wa magari ya shule kule Reno, tulikuja hapa jangwani, kwenye sherehe ya kila mwaka, na turubai moja, pampu mbili na sanduku la viraka. Tukaanza kutengeneza baiskeli za watu bure. Sasa tuko kumi na wanne, na kambi ina jina: Kambi ya Cheni. Mimi ndiye ninayesimamia karakana. Sina mume, sina mtoto. Nina hawa.

Jumanne, 6 Agosti

Upepo. Turubai limeanguka. Tumelisimamisha. Limeanguka tena.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo mkutano wa kambi, na mada ni ile ile inayotukosesha raha tangu mwaka jana. Sherehe ikiisha na watu wakaondoka, kikosi cha usafi hubaki hapa wiki tatu. Wanasimama mstari mmoja mrefu, bega kwa bega, na wanalitembea jangwa zima wakiokota kila kisicho cha jangwa: msumari, unyoya, ganda la pistachio, uzi. Kila kiwanja kinatiwa rangi kwenye ramani. Kijani ni safi. Manjano ni hivi hivi. Nyekundu ni aibu. Sisi tulikuwa kijani miaka kumi mfululizo. Mwaka jana tukapata nyekundu, mbele ya ule uwanja wetu wa karakana.

Nyekundu mara mbili mfululizo, kambi inanyang’anywa kiwanja. Hakuna rufaa.

“Tujiulize,” nikasema, “mwaka jana kilichobadilika ni nini?”

Wote wanajua ninayemsema. Lowell Pruett, daktari wa meno mstaafu kutoka Boise, aliingia kambini mwaka jana. Hapa jina hujipi mwenyewe, unapewa na wenzako, na yeye alipewa Gego. Mimi naitwa Spana, kwa sababu niliwahi kuirushia redio.

“Mtu mmoja hawezi kuchafua uwanja mzima, Verna,” Odalys akasema.

“Anaangusha vitu. Vidole vimezoea meno, havijazoea nati.”

Tumekubaliana Gego aje kwa majaribio. Nikaongeza sharti, likapita: atakayebainika kutuletea nyekundu anatoka kambini, awe nani awe nani. Nilinyoosha mkono wa kwanza.

Jumatano, 14 Agosti

Gego kaja. Amevuta tela lenye kiyoyozi. Kiyoyozi! Jangwani!

Jumamosi, 17 Agosti

Sawa, nitasema ukweli: kwenye breki ana mkono mzuri. Anazirekebisha kwa vyombo vyake vya kazini, vikulabu vyembamba vya chuma, ameinamia gurudumu kama vile linaogopa sindano. “Fungua kidogo,” analiambia. Wenzangu wanacheka. Mimi sikucheka, ila nilitaka.

Mwaka huu nimeleta madumu kumi na mawili ya maji ya ziada kwa ajili ya uwanja tu. Nilianza mwaka jana, vumbi lilipozidi mpaka watu wakawa wanakohoa wakisubiri zamu. Jioni nachukua kopo nililolitoboa matundu, nanyunyizia mbele ya karakana taratibu. Vumbi linalala, ardhi inapoa, inanukia vizuri. Hakuna kambi nyingine mtaani yenye uwanja kama wetu. Maji ni safi, si ya kuoshea vyombo, kwa hiyo hakuna wa kunilaumu.

Jumapili, 25 Agosti

Milango imefunguliwa. Asubuhi palikuwa na mbuga nyeupe tupu, jioni ni jiji. Kila mwaka najiambia nimezoea, na kila mwaka naduwaa.

Jumanne, 27 Agosti

Baiskeli sitini na tatu kabla ya saa sita mchana. Tairi zinapasuka, cheni zinakwama, vumbi hili linakula chuma. Gololi zinamwagika nikifungua magurudumu, nati zinaruka, tunaokota tunavyoweza. Mteja wa kwanza (Odalys ananikataza kuwaita wateja) alikuwa jitu la mtu, amevaa mabawa ya kipepeo. Nikambadilishia mpira wa ndani. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa dola ishirini.

“Rudisha hiyo kabla sijakupiga nayo,” nikamwambia.

“Basi nikupe nini?”

“Hapa hatubadilishani. Umepewa. Sema asante, uende zako.”

Alisimama pale, midomo inamcheza. Akasema tangu afe babaake hakuna mtu aliyemtengenezea kitu bila kutaka chochote. Nikajitia kutafuta kiraka. Mtu akikulilia saa tatu asubuhi unamwambia nini?

Alasiri wakaja kina mama watatu wakisukuma beseni la barafu lenye matango ya siki, wanamgawia kila mpita njia. Mmoja alikuwa jaji, amestaafu. Nimekula sita.

Jumatano, 28 Agosti

Dhoruba ya vumbi, ile kubwa. Ilikuja saa tisa alasiri kutoka kusini, ukuta mweupe unaotembea, na dakika mbili baadaye sikuuona mkono wangu. Sheria ya hapa haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: ukisikia sauti nje, unafungua hema. Nilifungua. Wakaingia mmoja mmoja kwa kupapasa, watu kumi na tisa nisiowajua, wengine nusu uchi, mmoja amevaa suti ya harusi. Wakakaa juu ya masanduku, juu ya tairi, sakafuni. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba selo, ile fidla kubwa, mgongoni. Akaniuliza kwa adabu kama atanisumbua.

“Mama yangu, piga,” nikasema. “Kelele zimejaa nje tayari.”

Akapiga karibu saa nzima, turubai likitupigia makofi pande zote. Gego alizunguka na chupa ya maji, akimnywesha mmoja mmoja na kuwafuta macho kwa kitambaa kibichi. Hakumruka mtu. Nilimtazama nikafikiri, huyu ni tabibu kweli. Halafu nikajiambia, usilainike, Verna.

Dhoruba ilipokatika wageni walikusanya kila mmoja uchafu wake mfukoni, bila kuambiwa, wakatoka. Aliyevaa suti alirudi kutoka nje kuokota kifungo chake. Ndiyo maana nawapenda watu hawa. Dunia nzima wananuna na kusukumana, wakifika hapa wanarudi kuokota kifungo.

Jioni nikanyunyizia uwanja mara mbili, maana vumbi lilikuwa limejaa.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimemuona kwa macho yangu.

Ilikuwa alfajiri, wenzetu wamelala. Gego alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja wangu, anachimba kwa kile kikulabu chake, anafukia kwa kiganja, anasogea, anachimba tena. Pembeni ana kopo la bati. Nilipotokea akashtuka, akaliweka kopo nyuma yake.

“Bi Verna, nilitaka tuongee. Hii ardhi hapa imekuwa ngumu sana, nadhani ni kwa sababu…”

“Ardhi niachie mimi. Wewe rudi kwenye meno.”

Akaliokota kopo lake akaenda zake. Anazika! Vitu anavyoangusha mchana anavizika alfajiri ili tusivione. Kuzika taka hapa ni kama kutemea mate chungu cha jirani. Ndiyo nyekundu yetu ya mwaka jana hiyo, imeeleweka.

Jumamosi, 31 Agosti

Leo wamelichoma lile sanamu kubwa la katikati ya jiji, kama kila mwaka. Watu elfu sabini, na ukimya ule lilipoanguka. Nilishikana mkono na Odalys. Sikumwambia kitu. Ningeharibu.

Jumatatu, 2 Septemba

Tumevunja kambi. Tumekipita kiwanja kwa magoti mara tatu, bega kwa bega, na uwanja wa karakana nimeupita mwenyewe mara ya nne. Safi. Hata ukucha huokoti. Hapo ndipo nilipowaita wote, nikasema nilichokiona.

Gego alikuwa anafunga tela. Alikuja akasimama katikati yetu, kofia mkononi.

“Sikuwa nazika,” akasema.

“Ulikuwa unapanda maua?”

“Verna!” Odalys akanikemea. Kisha akamgeukia yeye. “Lowell, mdogo wangu, basi tuambie ulikuwa unafanya nini.”

Alinitazama mimi. Akawatazama wengine. Nilisubiri uongo wake nikiwa nimeshaandaa jibu, na hakusema kitu.

Tukapiga kura. Kumi na mmoja wakasema atoke, wawili wakakataa, mmoja wao Odalys. Gego akampa kila mtu mkono, na mimi pia, akaniambia nilitie goti barafu. Akaondoka na tela lake. Odalys hakula chakula cha jioni.

“Umeridhika?” akaniuliza.

“Nimeilinda kambi.”

“Haya.”

Ile “haya” yake naijua. Ingekuwa nafuu anitukane.

Alhamisi, 5 Septemba

Wenzangu wamerudi makwao. Mimi nimejiandikisha kwenye kikosi cha usafi, mara yangu ya kwanza. Nataka niwepo kwa macho yangu kiwanja chetu kikipata kijani.

Jumanne, 10 Septemba

Mstari una watu mia na arobaini. Unaongozwa na Tamsin, msichana wa miaka kama thelathini, mwembamba, sauti ya kamanda. Unatembea hatua moja, unatazama kati ya miguu yako, unatembea. Ukikuta kimoja unaokota na kuendelea. Ukikuta vingi unapaza sauti, “Simama!”, na mstari mzima unasimama mpaka umalize. Tamsin anahesabu tumesimama mara ngapi, na rangi ya kiwanja inatokana na hesabu hiyo. Hakuna anayekukagua. Kila mtu na macho yake.

Leo kijana wa kushoto kwangu alisimamisha watu mia na arobaini kwa ajili ya mapambo ya kujipaka, yale yanayong’aa, madogo kuliko punje ya chumvi. Hakuna aliyeguna. Wote tulisubiri juani anayaokota moja moja kwa ncha ya kidole kilicholoweshwa mate. Mimi mzee nimeona mengi, ila sijawahi kuona watu wengi hivi wakikubaliana kwamba kitu kidogo kama kile kina maana.

Ijumaa, 13 Septemba

Kijani, kijani, manjano, kijani. Goti limevimba.

Jumatatu, 16 Septemba

Upepo mkali siku mbili. Unakwangua ardhi. Tamsin anasema kesho tunaingia mtaa wetu.

“Bi mkubwa, ukitaka kesho nikupeleke upande wa pili,” akaniambia. “Si kila mtu anapenda kutembea kwenye kiwanja chake.”

“Niweke katikati kabisa,” nikasema. Kiburi kilivyonijaa!

Jumanne, 17 Septemba

Niandike yote nisije nikajidanganya baadaye.

Tuliingia kiwanja chetu saa nne na nusu. Upande alikolala Gego na tela lake tulipita bila kusimama hata mara moja. Kisha tukafika uwanja wa karakana, na mbele ya kiatu changu kulikuwa na gololi. Moja. Nikainama nikaiokota. Hatua moja, gololi tatu na kipande cha spoki. Hatua nyingine, ardhi ilikuwa imepasuka vipande kama vigae, upepo umekula vumbi la juu, na kila kigae kimeshika kitu: nati, vifuniko vya vali, vibanio vya plastiki, gololi, gololi, gololi. Nikainua kigae kimoja nikakivunja. Ndani kulikuwa na tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama za kitunguu, na chuma katikati ya kila tabaka.

Tabaka moja kwa kila jioni.

Vumbi hili likipata maji linakuwa plasta. Najua. Kila mtu hapa anajua, ndiyo maana tunakatazana kumwaga ya vyombo. Mimi nikajiambia yangu ni safi. Kila tulichoangusha mchana, jioni nilikipiga lipu kwa mkono wangu, mwaka jana na mwaka huu, na watu wakanisifia ubaridi wake.

Halafu nikaona vishimo. Vilianza karibu na mlango wa karakana, vimepangwa safu, vidogo, vya mviringo, vimekwanguliwa kwa ustadi mpaka chini na kusafishwa. Vyote vitupu. Vishimo vya daktari wa meno. Alikuwa anatoa, jamani. Hakuwa anazika, alikuwa anatoa, na alifika karibu robo ya uwanja kabla sijamfukuza.

Mkononi nilikuwa na gololi kama kumi. Kijana wa kushoto alikuwa anatazama miguu yake, mama wa kulia hivyo hivyo. Mfuko wa suruali yangu ni mpana. Ningeweza kutembea polepole, nikaingiza, nikatembea. Mstari usingesimama upande wangu, na upande wangu ndio uliokuwa katikati ya uchafu. Pengine tungepata manjano. Kambi ingebaki, Odalys angebaki na kiwanja chake cha miaka kumi na moja, na hakuna ambaye angejua. Niliifikiria. Siandiki kwamba sikuifikiria. Niliifikiria mpaka jasho likanitoka.

“Simama!” nikapiga kelele. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyechomwa.

Mstari ukasimama. Nikapiga magoti. Nikaokota. Hatua mbili. “Simama!” Hatua moja. “Simama!” Nilisimamisha watu mia na arobaini mara kumi na saba kwenye uwanja wangu mwenyewe. Ilipofika ya tisa hivi, Tamsin akaja akachuchumaa mbele yangu.

“Bi mkubwa, tunaweza kubadilishana nafasi.”

“Usiniguse. Ni vyangu.”

Hakuniuliza tena. Aliita watu ishirini waje na patasi na nyundo ndogo, na wale watu, ambao hawakuwahi kupanda baiskeli niliyoitengeneza, wakapiga magoti pamoja nami mpaka saa kumi alasiri, wakivunja plasta yangu. Mmoja akanisukumia chupa ya maji.

Nyekundu. Tamsin aliipaka mbele yangu. Nilimwomba aipake vizuri.

Jumatano, 18 Septemba

Sikutoka kitandani.

Alhamisi, 19 Septemba

Jangwani hakuna mtandao. Nimeendesha gari hadi mji wa karibu, nikaegesha kwenye kituo cha mafuta, nikampigia Odalys kwanza. Nikamweleza yote.

“Na Lowell?” akauliza.

“Ndiye ninayempigia sasa.”

“Mpigie. Ukimaliza nipigie nami nikutukane.”

Gego alipokea simu mlio wa pili.

“Ni mimi. Spana.”

“Goti hali gani?”

“Achana na goti! Nimekukosea, Lowell. Nimekukosea vibaya. Ni maji yangu.”

Akasema pole pole, “Ndiyo. Ni maji.”

“Ulijua?”

“Siku ya tatu hivi. Nilijaribu kukwambia, ukanirudisha kwenye meno.”

“Na mkutanoni je? Mdomo ulikuwa nao! Ungesema neno moja tu!”

“Wakakutoa wewe? Sharti lilikuwa lako, nilisomewa siku niliyofika.” Akavuta pumzi. “Halafu watu walikuwa wanakaa pale wanavua viatu, Bi Verna. Yule mama wa selo alirudi siku ya pili, akalala kwenye ule ubaridi saa mbili. Nikasema nivitoe tu vyote kabla ya kuondoka. Nilikuwa na alfajiri nne. Nilihitaji kumi.”

Nililia pale kwenye kituo cha mafuta, kichwa juu ya usukani. Mwenye duka alitoka kuniuliza kama niitiwe mtu.

Jumamosi, 28 Septemba

Barua imekuja. Kiwanja kimekwenda. Nimewaandikia wote kumi na watatu, kila mmoja barua yake, na nimejitoa kambini kwa sharti langu mwenyewe. Wawili wamenijibu kwa hasira, na wana haki.

Jumapili, 6 Oktoba

Jana mkutano kwa simu, na Gego wamemrudisha kambini. Nilialikwa kusikiliza tu. Odalys akaeleza: tunaweza kuomba upya, kama wageni, pembezoni kabisa mwa jiji, na fomu inataka jina la mtu mmoja atakayebeba dhamana ya ardhi. Asipotajwa mtu, hakuna kiwanja. Watu kumi na wanne, na hakuna aliyekohoa.

“Awe Verna,” Gego akasema.

Mtu akacheka. Gego hakucheka.

“Nasema kweli. Miaka thelathini na nane nimetibu meno. Aliyewahi kuugua jino ndiye anayepiga mswaki.”

Ubishi ulichukua nusu saa. Walinisema, nikasikiliza yote. Kura zikawa nane kwa tano.

“Umesikia, shoga?” Odalys akasema. “Au masikio bado yana vumbi?”

Wameniletea fomu. Nimekaa nayo mezani tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili. Nimeandika jina langu kamili, Verna Oquist, herufi kubwa. Chini yake wanauliza mhusika ana uzoefu gani wa kutunza ardhi ya jangwa. Nimeandika: Niliiharibu misimu miwili mfululizo nikidhani naipenda, na nikamfukuza mtu aliyekuwa akiitengeneza.